Mwongozo kwa ofisi ndogo ya uwakili: kufanya kazi na mahakama mtandao bila kumpotezea mteja shauri

Waulize mawakili wa mikoani teknolojia inabadilisha nini kwenye kazi yetu, wengi watakutajia akili mnemba. Ni kweli inabadilisha mengi, na nitaifikia. Lakini kwa ofisi yenye wakili mmoja au watatu, karani mmoja, kompyuta mbili na intaneti ya bando, badiliko kubwa zaidi lilianza mwaka 2018, zilipotoka kanuni za kusajili nyaraka za mahakama kwa njia ya elektroniki (Tangazo la Serikali Na. 148). Tangu hapo dirisha la masijala limehamia mezani kwako.

Dirisha lile lilikuwa na faida ambayo hatukuithamini. Karani wa masijala alipekua nyaraka zako ukiwa umesimama mbele yake. Akikuta hati ya kiapo haina tarehe au kiambatisho kimesahaulika, anakurudishia papo hapo, unakimbia ofisini, unarekebisha, unarudi kabla hawajafunga. Leo unatuma usiku, unalala ukiamini kazi imekwisha, na taarifa kwamba nyaraka zimekataliwa inakaa kwenye akaunti siku tatu bila mtu kuifungua. Shauri linaweza kufa ofisini kwako kabla hakimu hajalisikia.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye akaunti na kalenda, na akili mnemba inakuja karibu na mwisho. Ofisi yenye kalenda mbovu ikinunua programu ya kisasa inapata njia ya haraka zaidi ya kuchelewa. Nimeandika nikiwa na Tanzania Bara akilini. Wenzetu wa Kenya, ambao usajili wa mtandaoni ulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, watakuta kanuni tofauti lakini matatizo yaleyale.

Hatua ya 1: Jua akaunti iko mikononi mwa nani

Akaunti ya kwenye mfumo wa mahakama ina jina la wakili. Chochote kinachopakiwa humo, kwa macho ya mahakama, kimepakiwa na wakili huyo. Hata hivyo katika ofisi nyingi nywila anayo karani peke yake, namba ya simu iliyosajiliwa ni ya karani, na barua pepe ni ile iliyofunguliwa haraka siku ya kwanza ambayo leo hakuna anayeikumbuka.

Karani mzuri ni nguzo ya ofisi, na simlaumu. Ila karani huugua, huenda likizo, hupata kazi kwingine. Kwa hiyo fanya haya wiki hii. Barua pepe ya kupokea taarifa za mahakama iwe ya ofisi, na isomwe na watu wawili. Namba ya simu iliyosajiliwa iwe kwenye simu inayobaki ofisini au kwa wakili mwenyewe. Nywila iwe ndefu, isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na ibadilishwe siku ileile mfanyakazi anapoondoka. Kila asubuhi, kabla ya chai, mtu mmoja aliyepangwa afungue akaunti na kuandika kwenye daftari: nimefungua, kuna hiki na hiki. Siku ambayo hakuna kitu aandike pia kwamba hakuna.

Hakikisha na leseni yako ya mwaka inasomeka hai kwenye e-Wakili, mfumo wa mahakama wa taarifa za mawakili. Wateja nao wafundishe kuutumia. Vishoka bado wamejaa nje ya mahakama zetu, na mwananchi mwenye simu sasa anaweza kutafuta jina la anayejiita wakili kabla hajatoa hata shilingi. Hili kwangu ni moja ya mambo mazuri kabisa yaliyoletwa na teknolojia katika taaluma hii.

Hatua ya 2: Kalenda moja, ya ofisi nzima

Kalenda ya kwenye simu ya kila mtu haitoshi. Mnahitaji moja ambayo wote wanaiona. Kalenda ya bure ya mtandaoni inatosha kabisa, na msikimbilie kununua programu ya usimamizi wa mashauri kabla hamjaweza kuitunza hii.

Kila waraka unapoingia ofisini, kabla haujawekwa kwenye jalada, aliyeupokea anaingiza tarehe tatu. Ya kwanza ni siku ya mwisho kisheria. Mteja akikuletea wito wa shauri la madai, hesabu siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi tangu alipopokea wito, wala usihesabu tangu alipokuja kwako. Kwa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani hesabu siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, na barua ya kuomba nakala za mwenendo nayo iandikwe ndani ya siku hizohizo 30. Tarehe ya pili ni siku yenu ya mwisho ya ofisi, ambayo iwe angalau siku mbili za kazi kabla ya ile ya kisheria. Ya tatu ni siku ya kuanza kuandika.

Tarehe ya pili ndiyo yenye thamani. Waraka ukikataliwa na mfumo au na masijala, zile siku mbili ndizo zitakazokupa nafasi ya kuurudisha.

Ijumaa mchana kaeni dakika 20, mmoja asome kwa sauti tarehe zote za wiki mbili zijazo. Kusoma kwa sauti hufichua mambo ambayo macho yamezoea kuyapita.

Hatua ya 3: Kusajili nyaraka, hapa pasikimbiwe

Tuseme siku ya mwisho ya rufaa ya mteja wako ni Ijumaa.

Jumanne hati ya sababu za rufaa iwe imeshasainiwa. Iskanini kwa namna inayosomeka. Kurasa zilizopigwa picha kwa simu chini ya taa ya njano, zenye kivuli cha mkono pembeni, ni chanzo kikubwa cha usumbufu usio wa lazima. Kila kiambatisho kiwe na alama yake na kipangwe kwa mfuatano uleule uliotajwa ndani ya waraka. Majina ya wadaawa yaingizwe kwenye mfumo kama yalivyo kwenye hukumu inayokatiwa rufaa, herufi kwa herufi. Kama hukumu imeandika "Mwanaidi" na kitambulisho kinasema "Mwanahidi", fuata hukumu kwanza, kisha omba marekebisho kwa njia yake.

Jumatano asubuhi, siku mbili za kazi kabla, pakia. Mfumo ukishatoa kontrol namba, yaani namba ya kulipia ada, lipa siku hiyohiyo, na kwa kweli saa hiyohiyo.

Nasisitiza malipo kwa sababu ya mgogoro wa kisheria ambao kila wakili wa madai anapaswa kuujua. Katika shauri la John Chuwa dhidi ya Anthony Ciza, lililoripotiwa mwaka 1992, Mahakama ya Rufani ilisema maombi huhesabika yamesajiliwa siku ada ilipolipwa, hata kama nyaraka zilipokelewa masijala mapema zaidi. Kisha kanuni za mwaka 2018 zikaja na lugha yake: waraka huhesabika umesajiliwa ukitumwa kwenye mfumo kabla ya saa 6 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, isipokuwa ukikataliwa. Sasa umepakia Ijumaa saa 5 usiku na umelipa Jumatatu. Umesajili lini? Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kuamua kwa upande huu na kwa upande ule, na mawakili wa upande wa pili wanaijua njia hiyo ya pingamizi la awali vizuri sana. Ukipakia na kulipa siku moja, hoja nzima inakufa kabla haijazaliwa. Mteja aelezwe tangu mwanzo kwamba fedha ya ada ya mahakama inatakiwa iwepo kabla ya siku ya kupakia.

Jumamosi, Jumapili na sikukuu usizitegemee. Waraka uliotumwa siku hizo unahesabiwa umesajiliwa siku ya kazi inayofuata.

Na mfumo ukigoma? Kanuni zinatambua kwamba mfumo una hitilafu pale unaposhindwa kupokea nyaraka, mfululizo au kwa kukatikakatika, kwa zaidi ya saa moja baada ya saa 6 mchana. Bando lililokwisha, kompyuta iliyozima, umeme uliokatika mtaani kwako, hayo ni ya kwako na hayakuokoi. Ukikutana na hitilafu ya mfumo wenyewe, piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kosa pamoja na saa. Rudia baada ya nusu saa, piga tena. Piga picha pia ya tovuti nyingine ikifunguka vizuri, ili ionekane intaneti yako ilikuwa hai. Piga simu masijala na uandike jina la uliyeongea naye na saa. Kisha hakikisha umefika kwa msajili au hakimu mfawidhi kuomba nafuu kabla ya saa 9 alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Kanuni zinaruhusu ombi hilo lifanyike bila urasmi mkubwa, lakini saa 9 ni saa 9. Mawakili wanaopoteza hapa wengi wao hawapotezi kwa sababu ya hitilafu yenyewe. Wanapoteza kwa sababu wanakuja wiki mbili baadaye wakisema "mfumo ulikuwa chini", bila picha hata moja mkononi.

Baada ya kutuma, subiri uthibitisho kwamba waraka umepokelewa na shauri limepewa namba. Uchape uthibitisho huo pamoja na risiti ya malipo, uviweke kwenye jalada. Masijala nyingi bado zinahitaji nakala ngumu, hivyo uliza ya kwenu inataka ngapi.

Hatua ya 4: Jalada la kompyuta

Hapa sina mengi. Kila mteja folda moja, kila shauri folda ndani yake, na jina la faili lianze na mwaka, mwezi na siku ili mpangilio ujitengeneze wenyewe: 2025-03-14 Utetezi, 2025-04-02 Amri. Nakala ziwe sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mara moja kwa mwezi jaribu kufungua faili moja kutoka kwenye ile diski. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu.

Hatua ya 5: Utafiti, na namna ya kusoma hukumu uliyoipata

Kwa vijana walioanza uwakili miaka ya karibuni ni vigumu kueleza TanzLII, tovuti ya bure ya hukumu na sheria za Tanzania, imefanya nini. Zamani hukumu za Mahakama ya Rufani zilizunguka kwa nakala zilizodurufiwa, mkono kwa mkono, na aliyekuwa Dar es Salaam karibu na masijala alikuwa na silaha ambayo wakili wa Sumbawanga hakuwa nayo. Leo hukumu inapakiwa, na wa Sumbawanga anaisoma bure kwenye simu yake. Usawa huo ni jambo kubwa, na inasikitisha kuona watu wanao mlango huo wazi kisha wanaishia kunukuu kutoka kwenye hoja za mwenzao walizotumiwa WhatsApp.

Tafuta kwa maneno ya kisheria yanayotumika kwenye hukumu. Kwa kuwa hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani bado ziko kwa Kiingereza, jaribu lugha zote mbili. Ukiipata, nakili namba yake ya mtandaoni, ile yenye mwaka ndani ya mabano na herufi kama TZCA au TZHC, kwa sababu jaji naye ataifungua kwa hiyo. Kisha isome yote, au angalau ukweli wa shauri, hoja zilizobishaniwa na mwisho wake. Mstari mzuri ulioukuta katikati unaweza kuwa ni hoja ya wakili aliyeshindwa, ambayo jaji aliirudia ili aikatae. Maliza kwa kutafuta jina la hukumu hiyo ndani ya hukumu za baadaye, uone kama imefuatwa, imetofautishwa au imeachwa.

Jambo jipya la kuangalia ni namba za vifungu. Toleo la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na baadhi ya vifungu vilipewa namba mpya. Kifungu ulichokizoea kwa miaka kumi kinaweza kuwa kimesogea. Hukumu ya mwaka 2019 itakutajia namba ya zamani, nawe ukiinukuu bila kuangalia utamwelekeza jaji kwenye kifungu kinachozungumzia jambo jingine kabisa.

Hatua ya 6: Ushahidi ulioko kwenye simu ya mteja

Mikopo, mauziano ya viwanja, mapatano ya kuvunja mkataba, yote sasa yako kwenye ujumbe wa simu. Sheria ilianza kulikubali hili mapema kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu alipokea kumbukumbu za benki zilizotunzwa kwenye kompyuta. Sheria ya Ushahidi ikarekebishwa mwaka 2007, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ikaja mwaka 2015.

Sheria hiyo ya 2015 inaielekeza mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, iangalie kama njia ya kuutengeneza, kuuhifadhi na kuutuma ilikuwa ya kuaminika, kama umebaki mzima bila kuchezewa, na kama aliyeutuma anatambulika. Yafanye mambo hayo kuwa maswali yako siku ya kwanza mteja anapokaa mbele yako.

Mwambie asifute chochote wala asibadilishe simu bila kukuambia. Asikutumie ujumbe kwa kuusambaza, maana ukisambazwa unapoteza namba ya mtumaji na muktadha. Fungueni simu yake mbele yako, mwone mazungumzo yote tangu mwanzo, mpige picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, na siyo jina alilomhifadhia tu. "Baba Asha Fundi" kwenye simu ya mteja hakuthibitishi kitu mahakamani. Namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu ndiyo inayothibitisha. Andikeni palepale maelezo ya nani aliitoa nakala, kwa kifaa gani, tarehe gani, na kifaa kimekaa kwa nani tangu hapo. Maelezo hayo ndiyo yatakayozaa hati ya kiapo baadaye, na ushahidi wa miezi minane iliyopita hautategemea kumbukumbu ya mtu.

Hatua ya 7: Kikao cha mtandaoni, na mashine inayonukuu

Tangu mwaka 2021 kuna kanuni za kuendesha mashauri kwa mbali na kurekodi kwa elektroniki. Kwa shauri la kutajwa tu, hii imeokoa nauli na siku nzima za watu. Katika mirathi imekuwa msaada mkubwa zaidi: mrithi aliyeko Muscat anaweza kusikilizwa bila kukata tiketi ya ndege, mahakama ikiridhia.

Wengi wanadharau maandalizi. Jaribu sauti siku moja kabla, ukiwa kwenye kiti na chumba kilekile. Shahidi asiwe na mtu mwingine chumbani wala karatasi mbele yake, na mweleze hivyo kwa maandishi, kwa sababu upande wa pili utauliza. Vaa kama unavyovaa mahakamani. Uwe na simu ya akiba yenye bando la mtandao mwingine, ikiwa imeshawashwa.

Mabadiliko ya ndani ya ukumbi yanahitaji mazoezi zaidi. Kwa miaka mingi jaji au hakimu ameandika ushahidi kwa mkono, na sote tulijifunza kuuliza maswali kwa mwendo wa kalamu yake: unauliza, shahidi anajibu, unasubiri, unatazama kalamu ikisimama, unauliza tena. Mahakama ya Tanzania imeanza kufunga mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri mwenendo, uliotengenezwa na kampuni ya Almawave ya Italia. Pale ulipofungwa, ule muda wa kusubiri kalamu unaondoka. Shahidi anajibu na swali lako linalofuata linatakiwa liwe tayari, hivyo maswali ya dodoso yaandikwe na yapangwe kabla, maana huna tena nusu dakika ya kufikiri.

Wafundishe mashahidi wako kusema "ndiyo" kwa mdomo badala ya kutikisa kichwa. Wakisema "kutoka hapa mpaka pale" huku wakionyesha kwa mkono, wewe uliza palepale: ni kama hatua ngapi? Majina ya watu na vijiji tamka taratibu, na lile gumu litaje herufi kwa herufi. Usimkatize shahidi, kwa kuwa sauti mbili zikigongana mashine hupotea. Na nakala ya mwenendo ikitoka, ipitie mapema wakati kumbukumbu za wote bado ni mbichi, usingoje siku ya rufaa ndipo ugundue kwamba "hakulipa" imenukuliwa "alilipa".

Hatua ya 8: Akili mnemba, kwa masharti

Itumie. Sioni heshima yoyote katika kukataa chombo kinachoweza kupanga barua pepe 60 za mteja kwa mfuatano wa tarehe wakati unakunywa maji. Inafaa kutengeneza rasimu ya kwanza ya barua ya madai. Inafaa kukosoa mkataba wako wa pango, ukiiuliza: ungekuwa wakili wa mpangaji, ungeshambulia wapi? Inafaa kumweleza mteja hukumu ya Kiingereza kwa Kiswahili chepesi, kisha wewe upitie tafsiri, hasa mahali mahakama inaposema shauri limeondolewa, ambapo mteja anaweza kurudi na shauri jipya akiwa ndani ya muda, na mahali inaposema limetupwa, ambapo mlango huo umefungwa. Mashine huchanganya hayo mawili kwa urahisi, na mteja akielewa vibaya atafanya uamuzi mbaya.

Kutafuta hukumu ndiko kwenye hatari. Mwezi Juni 2023, katika shauri la Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizobuniwa na ChatGPT. Walipoulizwa kwanza hawakukiri haraka, na hilo liliwaumiza zaidi. Juni 2025 Mahakama Kuu ya England ikatoa onyo kali katika shauri la Ayinde dhidi ya Haringey, kwa kosa la jamii hiyohiyo. Wala usidhani programu za kulipia zilizotengenezwa kwa ajili ya sheria zimepona: watafiti wa Stanford mwaka 2024 walikuta zile walizozijaribu zikibuni kati ya asilimia 17 na 33 ya majibu.

Kwetu kuna mtego mwingine ambao Wamarekani hawanao. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966 imefuata ile ya India ya mwaka 1908, mpaka namba za Amri na kanuni nyingi zinafanana. Amri ya VII kanuni ya 11, ya kukataa hati ya madai, iko kote kuwili. India imeirekebisha sheria yake mara kadhaa, na maandishi ya wanasheria wa India kuhusu mada hii ni mengi mno mtandaoni kuliko ya kwetu. Ukiuliza mashine swali la mwenendo wa madai inaweza kukujibu kwa ufasaha, ikitaja Amri sahihi na kanuni sahihi, lakini maudhui yakawa ya Delhi. Kosa la namna hii ni gumu kulinasa kuliko hukumu ya kubuni, kwa sababu kila kitu kinaonekana cha nyumbani.

Kwa hiyo ofisi iwe na karatasi moja ya masharti, isainiwe na kila mtu, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakiwemo:

- Hukumu au kifungu chochote kilichotoka kwenye mashine hakiingii kwenye waraka mpaka mtu amekifungua TanzLII au kwenye toleo la sheria, amekisoma, na kuandika jina lake pembeni ya rasimu.
- Jina la mteja, namba za vitambulisho, taarifa za afya, akaunti za benki na maelezo ya siri haviingizwi kwenye akili mnemba ya bure. Andika "Mteja A", "Kiwanja X".
- Anayesaini waraka ndiye anayeujibia. Kusema "mashine ndiyo iliyoandika" hakuna nafasi.

Sharti la pili lina uzito wa kisheria zaidi ya siri ya wakili na mteja, ambayo ni ya siku zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ofisi ya uwakili inayokusanya taarifa za watu imo ndani yake. Sheria hiyo inasimamia pia usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Unapobandika hati ya mteja kwenye programu ambayo kompyuta zake ziko ng'ambo, umezisafirisha, hata kama hujainuka kitini. Jisajilini kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na muweke kwenye barua ya makubaliano na mteja aya fupi inayosema ofisi inatumia zana gani na kwa kazi gani. Wateja wengi hawatakataa. Mwenye sababu ya kukataa ana haki ya kusikilizwa kabla, siyo baada.

Hatua ya 9: Bei

Mkataba uliokuwa unakula siku nzima sasa unaweza kumalizika asubuhi moja, na mteja anajua. Nashauri kazi zinazojirudia, kama mikataba ya pango, viapo, usajili wa kampuni BRELA na barua za madai, ziwe na bei moja iliyoandikwa, inayolipia kazi na dhamana unayobeba kwa kuisaini, kwa kuzingatia viwango vilivyowekwa kisheria vya malipo ya mawakili. Muda uliookolewa upelekeni kwenye mashauri yanayohitaji kichwa na miguu: kwenda kukiona kiwanja chenyewe, kuongea na jirani aliyekuwepo mipaka ilipopimwa, kumwandaa shahidi mzee asiyewahi kusimama kizimbani.

Ada za mahakama ziandikwe kando na malipo ya wakili. Mtumie mteja kontrol namba yenyewe alipe mwenyewe anapoweza, kisha mrudishie nakala ya risiti na ya uthibitisho wa usajili siku hiyohiyo. Akiwa na karatasi hizo mbili, ataweza kumweleza mkwewe au ndugu zake shauri limefikia wapi bila kupiga simu ofisini.